Mwanangu ana sentimita 201: je, kikapu kitamlisha?

Swali: "Kocha, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Igoma, biashara yangu ni dagaa pale Mwaloni Kirumba. Kijana wangu wa pili ana miaka 16, yupo kidato cha tatu, urefu wake sentimita 201 na bado anakua. Kikapu ameanza mwaka jana. Sasa kuna kaka mmoja amekuja nyumbani, anasema ni wakala. Anataka tumtoe shule, ampeleke kwanza kwenye timu ya nchi jirani, halafu Marekani, akawe kama Hasheem Thabeet. Anadai shilingi milioni tatu za fomu na viza. Baba yake anasema tuuze kiwanja. Mimi nasikia hata huyo Hasheem mwenyewe hakufika mbali. Kikapu ni kazi ya kumlisha mtu kweli? Tufanyeje?"

Jibu:

Mama, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi pokea salamu. Kiwanja kisiuzwe. Natanguliza hilo ili hata mteja akikukatiza hapa, uwe umeondoka na jibu la haraka. Mengine yanataka nafasi, maana umeuliza maswali matatu ndani ya moja: Hasheem aliishia wapi, kikapu kinalisha au hakilishi, na huyo kaka ni nani.

Nianze na Hasheem kwa sababu yeye ndiye chambo. Hapa Mwanza ukiwa na mtoto mrefu ataitwa jina hilo barabarani kabla hajashika mpira. Watu wanakumbuka sentimita zake 221, wanakumbuka alicheza NBA, ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani, basi. Kilichopo katikati hakisimuliwi.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Baba yake alikuwa msanifu majengo aliyesomea Uingereza, akafariki Hasheem akiwa bado mdogo. Kikapu alikianza akiwa na miaka 15 hivi, akisoma sekondari ya Makongo. Ukiniuliza mimi, hiyo 15 ina uzito kuliko ile 221, na nitairudia. Akaenda Marekani, akapita shule kadhaa kabla ya kutulia Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Alikaa pale misimu mitatu. Msimu wa mwisho, 2008–09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Ribaundi, mama, ni kuudaka mpira uliokosa ringi. Bloku ni kuupiga mpira wa mpinzani ukiwa hewani kuelekea ringi. Januari 2009 dhidi ya Providence alipiga bloku 10 katika mechi moja, na pointi na ribaundi nazo zikafika tarakimu mbili. Kuna masenta (wale warefu wanaocheza karibu na ringi) wazuri tu ambao bloku 10 huzipata kwa mwezi mzima. Timu yake ikafika nusu fainali ya vyuo vya Marekani, ikatolewa na Michigan State.

Tarehe 25 Juni 2009 ikaja drafti. Siyo ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Hii ni siku ambayo timu za NBA huchagua vijana kwa zamu. Wa kwanza akawa Blake Griffin. Wa pili Hasheem, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Wa tatu akawa James Harden, na wa saba Stephen Curry. Sisi huku tulishangilia Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Wamarekani wenyewe, kila walipomtazama, walikuwa wanamlinganisha na waliochaguliwa nyuma yake, na wale wa nyuma wakaja kuwa miamba. Mzigo huo hakuubeba kwa kosa lolote alilofanya. Alichaguliwa mapema, basi.

Memphis tayari walikuwa na senta, Mhispania Marc Gasol. Hasheem akawa mtu wa benchi, pointi 3.1 kwa mechi mwaka wa kwanza. Februari 2010 akashushwa ligi ndogo, timu ya Dakota Wizards, na kabla yake hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa huko. Februari 2011 akapelekwa Houston. Machi 2012 Portland. Baadaye mwaka huohuo akasaini Oklahoma City, kwenye timu ya akina Kevin Durant na Russell Westbrook, na huko ndiko alikopumua kidogo: msimu wa 2012–13 alicheza mechi 66. Agosti 2014 akauzwa Philadelphia, wakamkata hata msimu haujaanza. Baada ya hapo ligi ndogo tena, kisha Yokohama kule Japani, kisha ligi ndogo mara nyingine akiwa na umri wa zaidi ya miaka 30, kisha Taiwan. Jumla ya mechi zake za NBA ni 224, wastani wa pointi 2.2.

Hebu ione hiyo safari kwa macho ya anayeiishi. Mchezaji wa NBA akiuzwa, kwa kawaida haombwi ridhaa. Mkataba wake unahamishwa na yeye anaufuata. Unaamka Memphis una nyumba, una rafiki, una fundi wa nywele anayekujua. Jioni unapanga mabegi ya Houston. Mwalimu wa serikali anayehamishwa kutoka Ukerewe kwenda Kibondo walau anapewa barua na posho ya uhamisho (posho ikichelewa ni habari nyingine). Huyu anapigiwa simu. Akifika anakuta mfumo mwingine wa uchezaji, kocha mwingine, na masenta wawili mbele yake waliozoea kila kitu. Dakika anazopewa ni nne, tano, mechi ikiwa imeshaamuliwa. Ndani ya dakika hizo nne ndimo anamotakiwa kuonyesha kwamba anastahili nane.

Sasa hilo la "hakufika mbali". NBA ina timu 30. Kila timu ina mikataba 15 ya kawaida na mitatu ya kugawana na ligi ndogo. Piga hesabu: watu 540 dunia nzima, ikijaa. Hasheem alikaa humo misimu mitano. Mwaka wa kwanza peke yake alilipwa zaidi ya dola milioni 4, na mchezaji akitimiza misimu mitatu anakuwa na haki ya pensheni ya ligi. Mtu wa namna hiyo akikaa kijiweni Igoma akaambiwa hakufika mbali, nadhani wa kucheka ni sisi. Lakini nakubali kwamba alitarajiwa kufika mbali zaidi, na sababu ya kutofika ndiyo inayomhusu mwanao.

Wengi husema alichelewa kuanza. Hakeem Olajuwon wa Nigeria naye alianza akiwa na miaka 15 hivi, akawa bingwa wa NBA mara mbili, 1994 na 1995. Joel Embiid wa Kameruni, vilevile 15, akachaguliwa wa tatu mwaka 2014. Basi kuchelewa peke yake hakutoshi kuwa sababu. Tofauti ninayoiona mimi iko chini, kwenye miguu. Olajuwon kabla ya kikapu alikuwa mchezaji wa mpira wa mikono na mpira wa miguu. Alikuja kwenye kikapu na nyayo zinazojua kugeuka, kurudi nyuma, kudanganya. Kumfundisha kutupia kulikuwa nyongeza.

Hili nawaonyesha vijana pale uwanja wa Mirongo karibu kila wiki. Namsimamisha kijana mrefu chini ya ringi, namwambia mfupi mmoja aingie na mpira kwa kasi kutoka pembeni. Yule mrefu anauona mpira, akili inamwambia nenda, mikono inakwenda, miguu inabaki. Mwili unainama mbele, kiwiko kinamgonga mwenzake kifuani. Filimbi. Tunarudia, filimbi tena. Ndani ya dakika tatu ana faulo tatu, na kwenye sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ya tano inakutoa nje (NBA ni ya sita). Mtu mrefu anayetumia mikono kufidia uzito wa miguu hawezi kukaa uwanjani muda wa kujifunza, kwa sababu kujifunza kunataka dakika na dakika zake zinaliwa na faulo. Chuoni Hasheem aliwamaliza watu kwa urefu ule. NBA akakutana na wanaume wazito kama yeye ambao miguu yao ilianza kazi wakiwa na miaka sita.

Upande wa pili wa ziwa letu kuna mfano mpya. Khaman Maluach ni wa Sudan Kusini, amekulia Kampala, Kawempe. Alianza kikapu akiwa na miaka 13 hivi, akienda uwanjani kwa miguu mwendo wa saa nzima. Akaonwa, akachukuliwa na akademi ya NBA iliyoko Senegal, ambako familia hailipi. Akiwa bado kijana akacheza ligi ya Afrika, BAL, ikiwemo kwa City Oilers ya Uganda; akacheza Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 17; mwaka mmoja chuo cha Duke, na 2025 akachaguliwa wa 10 kwenye drafti, akaenda Phoenix. Angalia mpangilio wake: alianza mapema kidogo, akapata makocha wa kila siku miaka mitatu, na akacheza mechi ngumu na watu wazima kabla ya kupanda ndege ya Marekani.

Turudi kwa mwanao, na hapa naomba na baba yake asome. Sentimita 201 Igoma ni ajabu. Watoto wanamkimbilia, konda wa daladala anamwambia akae mbele, mlango wa nyumba anauinamia. Lakini wastani wa urefu wa mchezaji wa NBA, ukichanganya wote, ni karibu sentimita 200. Maana yake mwanao kule ni mtu wa kawaida. Hata akiongeza sentimita nne, kule hatakaa chini ya ringi kama Hasheem. Atacheza pembeni, ambako kazi ni kudunda mpira kwa mikono yote miwili, kutupia kutoka mbali, na kumkaba mtu mwepesi. Ndiyo sababu huyo kaka anayesema "atakuwa kama Hasheem" ananipa shaka hata kabla sijasikia habari ya milioni tatu. Anayejua kazi hii asingemlinganisha mtoto wa 201 na senta wa 221.

Yaliyonikuta mimi ni haya. Nilikuwa na sentimita 193 nikiwa kidato cha nne, mrefu kuliko wote shuleni. Kocha wangu, mtu mwema, alinipigilia msumari chini ya ringi: simama hapo, mpira ukija weka ndani. Miaka mitatu sikuruhusiwa kudunda mpira zaidi ya mara mbili. Nilipokwenda Dar es Salaam kwa mashindano nikakuta pointi gadi, yule anayepandisha mpira na kuongoza wenzake, wa urefu wangu, anapita na mpira katikati ya miguu kama anacheza na kivuli chake. Nikajua siku ile kwamba nafasi niliyofundishwa ilikuwa ya shule yetu tu. Kwa hiyo, mama, kocha yeyote atakayemweka mwanao chini ya ringi kwa sababu tu ndiye mrefu, mwambie kwa heshima kwamba unataka kijana adunde. Apokee mpira nyuma, apande nao. Ataupoteza sana mwaka wa kwanza na timu itafungwa. Acha ifungwe.

Na asiache mpira wa miguu wa jioni mtaani. Akacheze, hata kama wenzake wanamcheka. Kamba ya kuruka ni shilingi elfu chache, na ni mwalimu wa nyayo kuliko vyuma vya kunyanyua.

Mwili wake nao. Saruji ya viwanja vyetu ni ngumu, na mtoto anayerefuka haraka mifupa yake huwa imetangulia, misuli na kano zinaivuta kutoka nyuma. Akilalamika maumivu chini ya goti au kwenye ugoko, usimwambie ajikaze. Apumzike siku mbili tatu, na maumivu ya sehemu moja yasiyoisha wiki mbili yaonwe na daktari. Mimi nilikimbia na maumivu ya ugoko msimu mzima, mfupa ukapata ufa, nikakaa miezi minne. Viatu ni taabu nyingine: namba 48 hupati kirahisi. Nenda soko la Mlango Mmoja asubuhi siku wanafungua marobota, mwachie muuzaji namba yako ya simu, atakupigia ikitokea. Vya mitumba vizuri vinashinda vipya vya bandia. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, viache.

Chakula usihangaike na makopo ya unga wanayouza wenye misuli. Unauza dagaa, mama. Dagaa wale wanaliwa na mifupa yao, na mtoto anayerefuka ndiyo anaihitaji. Ugali, dagaa, maharage, mayai ukiweza, maziwa ukipata. Ila ukiona anachoka kupita kiasi, kumbuka vijana wetu huogelea ziwani na kichocho kipo ufukweni kote huku. Apimwe choo, akikutwa nacho dawa ipo. Nimewahi kumwita kijana mvivu miezi miwili, kumbe damu ilikuwa imepungua kwa kichocho. Nilimwomba radhi mbele ya timu.

Kipimo kikubwa ninachokiomba kwa kila mtoto mrefu sana ni cha moyo. Kuna hali ya kurithi inaitwa Marfan: mtu anakuwa mrefu, mwembamba, vidole virefu, na mshipa mkuu unaotoka moyoni unaweza kutanuka hadi kupasuka. Flo Hyman, mcheza voliboli mashuhuri wa Marekani, alianguka na kufariki akiwa kwenye mechi Japani mwaka 1986, ndipo ikajulikana alikuwa nayo. Isaiah Austin, senta wa chuo cha Baylor, aligunduliwa siku chache kabla ya drafti ya 2014, na ndoto yake ya NBA ikaishia hapo. Lakini yuko hai. Nyumbani mwambie akunje gumba ndani ya ngumi: ncha ya gumba ikitokeza nje upande wa kidole kidogo, ni dalili mojawapo. Pima pia mikono yake ikiwa imetandazwa. Ikizidi urefu wa mwili kwa sana, nayo ni dalili. Wachezaji wengi wana mikono mirefu na ni wazima kabisa, kwa hiyo usilale na hofu. Chukua rufaa, nenda hospitali ya Bugando, omba apigwe picha ya moyo inayoitwa eko. Wakati huohuo apimwe selimundu, maana Kanda ya Ziwa tunaongoza nchini, na vyuo vikubwa vya Marekani huulizia kama mchezaji ameirithi hata kutoka kwa mzazi mmoja tu.

Sasa kazi yenyewe inalisha au hailishi. Juu kabisa inalisha ukoo. Ukishuka ngazi moja mambo yanabadilika haraka kuliko watu wanavyodhani. Ile ligi ndogo ya Marekani, msimu wa 2019–20 Hasheem akiwa Fort Wayne, mshahara wa kawaida ulikuwa dola 35,000 kwa msimu. Ni fedha, lakini ni mkataba wa miezi mitano, kodi haijakatwa, na mwaka unaofuata huna uhakika. Japani na Taiwan hulipa vizuri zaidi ya hapo kwa wageni waliowahi kupita NBA, na kwa kawaida hukupa nyumba. Barani kwetu ligi ya BAL ilianza Kigali mwaka 2021, ina timu 12. Kigali kutoka stendi ya Nyegezi ni safari ya basi ya siku, tena sasa mnavuka daraja la Kigongo–Busisi badala ya kusubiri kivuko. Si mbali kama Marekani, na kijana akiwa mkali wataalamu wanamwona palepale.

Hapa nchini nitasema kwa ufupi kwa sababu ndivyo hali ilivyo: wachezaji wengi wanalipwa posho, na waliotulia ni wale waliopata ajira kwa kupitia timu, hasa za majeshi. Mimi mwenyewe klabu moja iliniahidi mshahara wa kila mwezi, nikapewa wa kwanza, wa pili nikapewa nusu, wa tatu nikapewa jezi. Asubuhi nilikuwa napakia magunia ya mchele, jioni nafanya mazoezi. Sijuti, ila nilijifunza kuandikishana.

Njia iliyo salama zaidi kwa mtoto wa uwezo wa kawaida wa juu, na hata kwa mwenye kipaji kikubwa, ni ufadhili wa masomo. Chuo kinamlipia ada, chakula na malazi, yeye anakichezea. Akiumia mwaka wa pili, bado kuna shahada. Na hapo ndipo ushauri wa kumtoa shule kidato cha tatu unapogeuka kuwa wizi hata kama mtoaji ana nia njema. Vyuo vya Marekani huangalia masomo yote ya sekondari, mwaka kwa mwaka. Mtoto asiye na cheti cha kidato cha nne hana fomu ya kujaza. Hisabati na Kiingereza ndizo zitakazomvusha, kisha ringi.

Tumfikie kaka wetu. Simjui na sitamhukumu bila kumsikia, lakini muulizeni mambo machache mkiwa mmekaa pamoja, na umwangalie usoni. Muulize ana leseni ya FIBA ya uwakala? Wakala wa FIBA hufanya mtihani na jina lake huonekana kwenye orodha yao ya mtandaoni. Muulize hiyo timu ya nchi jirani itampataje mwanao kihalali, ilhali FIBA haikubali uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu maalumu, na barua ya ruhusa hupitia shirikisho letu, TBF. Muulize jina la shule au chuo, na uombe barua yenye jina la mwanao.

Kisha hizo milioni tatu mzichambue. Pasipoti ni shilingi 150,000, unaiomba Uhamiaji na kulipa kwa namba ya malipo ya serikali, na kwa mtoto lazima mzazi aridhie. Ada ya maombi ya viza ya mwanafunzi kwenda Marekani ni dola 185, na kuna dola 350 za kumsajili mwanafunzi zinazolipwa moja kwa moja kwa serikali yao, baada ya chuo kutoa fomu ya kumpokea, si kabla. Hakuna fomu, hakuna cha kulipia. Viza yenyewe huamuliwa na afisa wa ubalozi. Masharti hubadilika, na siku hizi yamekaza kwa nchi nyingi zikiwemo za kwetu. Anayekuahidi viza anakuahidi kitu ambacho hakimo mfukoni mwake. Wakala wa kweli hula kutoka kwenye mshahara wa mchezaji baadaye. Anayekula kwa mama anayeuza dagaa, kabla mtoto hajatupia mpira mmoja, huyo mchezo wake ni mwingine.

Na akigusia kupunguza umri kwenye cheti cha kuzaliwa, simameni, mfungulieni mlango. Nilimfundisha kijana mmoja aliyechukuliwa hivyo. Alifika mji wa ugenini, akalazwa chumba kimoja na wenzake saba, pasipoti ikashikwa na mwenyeji. Mwaka mmoja baadaye aliposhuka basi pale stendi alikuwa na mkoba wa mgongoni tu. Kilichomchelewesha zaidi baada ya kurudi ni zile tarehe mbili za kuzaliwa; kila ofisi aliyokwenda iliuliza wewe ni yupi.

Baba yake asionekane mbaya katika haya. Anayetaka kuuza kiwanja kwa ajili ya mtoto ni baba mwenye moyo. Mwambie kiwanja kikae, na kwamba gharama ya mwaka huu ni nauli ya kutoka Igoma mara tatu kwa wiki, viatu, kile kipimo cha moyo, na masomo ya ziada ya hisabati.

Jumamosi tunaanza saa kumi na nusu jioni pale Mirongo, jua likishalegea. Mlete, na huyo kaka akipenda aje naye. Saa hizo upepo wa ziwa huwa umeanza kuvuma na mpira wa mbali unahama kidogo kulia, kwa hiyo usishangae akikosa mingi, wote wanakosa. Mimi nitakuwa naangalia viatu vyake, tena nyayo zaidi, siyo ringi. Mwambie aje na kamba ya kuruka na daftari lake la hisabati la muhula huu.